Kuchoka Akili Nako ni Kuumwa

Wiki hii mwenzangu kazini, Mswidi, alitutangazia wakati wa kahawa kwamba daktari amempumzisha miezi mitatu. Hajavunjika mguu, hana presha. Akili imechoka. Wakampa pole, msimamizi akaanza kupanga zamu upya, basi. Nilifurahi kwa ajili yake, kisha nikashikwa na hasira nilipomkumbuka mdogo wangu Morogoro.

Najua mtasema, "Kafika Göteborg, Sweden, juzi, keshajiona Mzungu." Sijajiona. Nahudumia wazee, na kazi hii inawamaliza wanawake vilevile: unapiga saa chache asubuhi, mchana unakaa bila kulipwa, jioni unarudi. Wenye vibarua vya saa husubiri ujumbe wa simu kujua kama kesho wana kazi. Wanawake wanaopumzishwa kwa maradhi huku ni karibu mara mbili ya wanaume, na matatizo ya akili ndiyo yanayoongoza. Lakini uchovu huo unatambuliwa hospitali kama ugonjwa kamili tangu 2005. Mwanzoni unakatwa kidogo, kisha mwajiri anakulipa asilimia 80 ya mshahara mpaka siku ya 14, halafu bima ya jamii inaendelea kulipa.

Mdogo wangu anafundisha shule binafsi. Usiku halali, akikaribia geti la shule machozi yanamtoka. Mkuu wa shule kamwambia aache uvivu. Shangazi anasema karogwa. Kila mtu ana dawa yake, hakuna anayetaja mapumziko.

Na msiniambie "sisi hatuna hela za Wazungu". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika kila miezi 36: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Hiyo ni yetu, Tanzania Bara, na najivunia. Marekani mpaka leo haina sheria ya nchi nzima ya kumlipa mfanyakazi wa kawaida anayeumwa. Sasa nani alituambia siku hizo ni za malaria na upasuaji tu?

"Na mama ntilie je?" Kweli, huyo hana wa kumwomba ruhusa, na inaniuma. Lakini dada wa kazi za ndani anaye mwajiri, ambaye ni wewe unayejiandaa kunijibu. Sheria hiyo hiyo inamhusu. Akikwambia halali, kichwa hakitulii, mpeleke hospitali, na akirudi na cheti cha daktari usimkate mshahara.