Upepo wa Kiti

Mke wangu anauza dagaa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotufikisha kwenye stesheni wagoni, lile gari lenye buti refu. Alfajiri mbili kwa wiki yuko Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, Mwanza, anagombania magunia na wanunuzi wa kutoka Kongo, halafu bajaji zinamla faida njiani. Tulipopata pesa ya gari alikuwa na sharti moja tu: buti. Mimi nilikuwa na masharti kumi na mawili, yote nimeyaokota kwenye simu usiku wenzangu wamelala.

Jirani yetu, anayepiga mchomoko, yaani kubeba abiria kwa gari dogo, kwenda Magu, alinishauri bila kuombwa. "Chukua Probox ya petroli," akasema. "Haina kitu ndani, kwa hiyo hakuna kitu cha kuharibika." Nikamcheka kimoyomoyo. Mtu mzima, mtu wa ofisi, nina miwani na kalamu mfukoni, niende kazini na gari la kubebea kuku?

Nikapata dalali. Akanipeleka yadi, akanionyesha stesheni wagoni tatu zimepangwa, kampuni moja, umbo moja, zote za mwaka 2012, zimetoka Uingereza na usukani wake uko kulia kama wetu. Kampuni siitaji, maana yaliyonikuta nilijitakia mwenyewe. Tofauti yao ilikuwa gredi. Ya chini viti vya kitambaa na redio. Ya kati rimu za kung'aa. Ya juu ngozi tupu, buti linajifungua lenyewe ukibonyeza, na juu ya hayo yote ina kitu kinaitwa Winta Paki.

"Winta Paki ndiyo nini?" nikamwuliza.

"Bosi, winta si unaijua?"

"Baridi."

"Sasa je!"

Nilikuwa na akili zangu timamu, naapa. Nimekaa Mwanza miaka tisa. Najua jua la saa nane linavyoyapiga yale mawe, na mawe yakishiba yanavyokurudishia moto mpaka umeshakula chakula cha usiku. Nikasema gari lenye paki nzima ya baridi ndilo gari la mji huu. Nikaongeza laki sita.

Kwenye injini ndipo nilipojiona profesa. Kulikuwa na petroli ndogo na dizeli ya lita mbili. Nikamweleza mke wangu, mbele ya dalali ili naye ajue hadanganyi mtoto, kwamba dizeli inavuta hata injini ikiwa bado inazunguka polepole, mlima wa Isamilo utaupanda kwa gia ya tatu unapiga stori. Nikamwambia lita moja ya dizeli inakwenda mbali kuliko lita ya petroli. Nikatoa karatasi yenye bei za mafuta za EWURA za Jumatano ya kwanza ya mwezi, nimezipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nikageuka, hayupo. Yuko nyuma ya gari, kavua kanga ya begani, anapima buti.

"Kanga moja na shibiri mbili, viti vikilazwa," akasema. "Magunia sita. Lipa twende."

Hakuuliza hata rangi.

Kitu ambacho karatasi yangu haikuwa nacho ni safari zangu mwenyewe. Kutoka nyumbani Isamilo mpaka ofisini mjini ni kilomita tatu, na nyingi za kuteremka. Injini inaamka, inapiga mwayo, tumefika. Jioni hivyo hivyo. Wiki ya tano ikawaka taa ya njano kwenye dashibodi, mchoro wake kama chujio la chai lenye nukta ndani.

Fundi wa kwanza alitaka msumeno. "Hicho kidude wanakikata wote, bosi. Unaweka bomba tupu, maisha yanaendelea." Wa pili, kijana wa umeme mwenye kompyuta, alinikalisha kwenye tairi akanielewesha. Ulaya walikaza sheria ya moshi, ile wanayoiita Euro 5, na kufika 2011 gari jipya la dizeli huko halitoki kiwandani bila chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Masizi yanajikusanya humo. Likikaribia kujaa, gari linayachoma lenyewe, joto kama nyuzi 600, yanabaki majivu kiduchu. Ila injini iwe imepata moto kweli, iwe barabara kuu, mwendo wa maana, dakika ishirini hivi bila kukatisha.

"Wewe umenunua gari la safari unaliendesha kama bajaji," akasema. "Jumamosi litoe likapumue. Nenda nalo Magu. Usisimame mpaka taa izime."

Magu ndiko kwao mke wangu. Na wiki hiyo mama mkwe alikuwa kwetu, amekuja kliniki.

Hapa lazima nisimame kidogo. Mimi mtu wa Tanga. Kwetu mkwe ni mkwe, lakini Usukumani nilikooa mkwe ni jambo jingine kabisa. Miaka tisa sijawahi kumtazama mama yule usoni kwa sekunde tatu mfululizo. Tunazungumza mvua, tunazungumza pamba, tunazungumza bei ya dagaa. Mwili hautajwi. Hata kwamba anaumwa mgongo niliambiwa na mke wangu, ambaye naye aliambiwa na mdogo wake. Kliniki niliambiwa ni "kliniki", nikaitikia "sawa", ikaishia hapo.

Jumamosi saa saba mchana tukaondoka, mimi na mama. Nyuma viti vimelazwa, magunia matatu ya dagaa ya kupeleka Magu yamejaa mpaka mabegani kwetu. Mama mbele, kitenge kipya, mkoba mapajani.

Sasa, karibu na gia kuna kitufe. Kina mchoro wa kiti, na kutoka kwenye kiti kinapanda mistari mitatu ya mawimbi. Sikuhitaji kuambiwa na mtu, mawimbi ni upepo. Cha upande wangu nilikuwa nakiwasha kila siku tangu ninunue gari. Sikuwahi kusikia kitu, nikajisemea upepo wa Kizungu ni wa kistaarabu, haukurupuki.

"Mama, ngoja nikuwashie upepo wa kiti."

"Asante, baba. Mungu akubariki."

Nikabonyeza mara tatu. Zikawaka taa tatu, nyekundu. Nyekundu, ndiyo. Ningeweza kujiuliza.

Nyakato tulipita vizuri. Tunakaribia Igoma, mama akahamia ubavu wa kulia. Baada ya Igoma akahamia wa kushoto. Nikadhani mgongo, na mgongo hautajwi, nikazungumzia mvua.

"Za vuli mwaka huu zimechelewa."

"Zimechelewa, baba," akasema, akiwa ameshika kile kishikio cha juu ya mlango kwa mikono miwili, kama mtu anayevuka mto.

"Upepo unafika, mama?"

"Unafika, baba."

Akashusha kioo. Mimi, kwa huruma tu, nikakipandisha kwa kitufe changu. "Tufunge mama, upepo usipotee." Akasema sawa. Akaikunja kanga yake mara nne akaikalia. Haikusaidia, nadhani ilizidisha. Akatoa simu akampigia mwanawe kwa Kisukuma, maneno yanakimbizana, na Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu ya mwangaluka. Nilishika neno moja: moto. Nikafurahi kwamba nyumbani wanapika.

Simu yangu ikaanza kuita. Mke wangu. Sikupokea, naendesha. Ikaita tena. Mimi macho yangu yako kwenye taa ya njano, na mguu uko kwenye mafuta, kwa sababu kijana aliniambia usikatishe. Hapo ndipo Kisesa ilipotokea na kibao chake cha 50, na nyuma ya mti afande na tochi yake ya kupimia mwendo.

"Habari za safari. Sabini na nne."

"Afande, nachoma masizi."

Akanitazama. Nikaanza kumweleza chujio, nyuzi 600, dakika ishirini. Nilikuwa nimefika Euro 5 alipoinama akamwona mama. Mama anatiririka jasho, midomo inatetemeka kwa sala, ameinuka juu ya kiti kwa nguvu za mikono kama mwanamichezo.

"Mama, unaumwa?"

"Naumwa, afande," akasema mama, na kabla sijafumba mdomo alikuwa ameshashuka. Akasimama ukingoni mwa barabara, jua linawaka kichwani, akavuta pumzi ndefu mtu akadhani ametoka gerezani. Akatabasamu. Sijawahi kumwona mama mkwe akitabasamu.

Afande akanigeukia kwa hasira. Tayari nilikuwa nahesabu ile elfu thelathini ya faini kichwani. "Wewe unampeleka mgonjwa halafu unaniletea hadithi za masizi? Si useme!" Akafungua mlango mwenyewe. "Ingia mama, ingia. Kijana, wahi!"

"Nimepata nafuu, mwanangu," mama akasema, anarudi nyuma.

"Ingia mama, usiogope."

Akamwingiza. Akamfunga mkanda kwa mkono wake. Nasikia mpaka leo ile sauti iliyomtoka mama alipokalishwa, kama samaki wakati anatua kwenye mafuta.

Kwa baraka za dola sasa nikakanyaga. Nyanguge kwenye vibao nilipunguza, nje ya vibao nikaliachia, injini inanguruma vizuri, kutoka chini panakuja harufu ya kitu kinachoungua, ndiyo masizi yenyewe. Dagaa nyuma nao wameanza kuchangamka kwa joto. Mama ameegemea mlango, amekaa juu ya mkoba, na mkoba uko juu ya kanga, kichwa kinagusa dari. Hakusema neno. Angesema nini? Angemwambiaje mkwewe ni wapi panapoungua?

Kilomita chache kabla ya Magu, taa ya njano ikazima. Nilipiga kelele ya furaha, siwezi kukataa.

"Imezima, mama!"

Mama akajipapasa, akakaa kimya kidogo.

"Huku bado, baba."

Sikuelewa. Niliitikia tu "itazima, mama", kwa moyo mweupe kabisa.

Tulipofika alishuka kiubavu, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba kwenye kivuli cha mwembe, hakuaga. Nikainama kuuchukua mkoba wake pale kitini. Mkono ukagusa ngozi. Nikauondoa kama nimegusa kikaango. Nikaurudisha polepole, nikaupapasa wote, kuanzia mgongoni mpaka mbele. Kisha nikatazama ile mistari mitatu ya mawimbi, nikaona kwa mara ya kwanza kuwa haiendi pembeni kama upepo. Inapanda. Kama mvuke wa sufuria.

Nikampigia mke wangu. Alipokea huku amekwisha kucheka mpaka sauti imemkauka.

"Baba watoto, umemkaanga mama yangu."

Kijana wa kompyuta alinimalizia Jumatatu. Winta Paki ni viti vya joto, usukani wa joto, na kioo cha mbele chenye nyaya nyembamba ndani (mimi nilidhani antena ya redio) za kuyeyusha barafu asubuhi. Kiti changu waya wake ulikatika zamani, ndiyo maana upepo wangu ulikuwa wa kistaarabu. Kwa maneno mengine nililipa laki sita ili barafu isinisumbue Isamilo. Jirani wa Probox aliposikia alikaa chini kabisa, pale pale kwenye vumbi.

Wiki mbili Magu sikupiga simu. Ningeanzia wapi? Alhamisi usiku mke wangu akamaliza kuongea na kwao, akanitazama kwa jicho ambalo sikulijua.

"Mama anauliza kama Jumamosi utachoma masizi."

"Anataka niombe radhi?"

"Ule mgongo. Anasema tangu siku ile umelegea. Juzi ameinama kupalilia, akanyanyuka mwenyewe. Anauliza kama unaweza kumchukua mkaenda mpaka Lamadi na kurudi."

"Lamadi kuna nini?"

"Hakuna kitu. Anasema Lamadi ni mbali kidogo."

Na taa ya njano ilikuwa imewaka tena asubuhi ile ile. Nikaenda. Nikaenda na Jumamosi iliyofuata. Wiki iliyopita nimemkuta anangoja barabarani na shoga yake, naye mgongo, wamepangana kabisa, mmoja atakaa mbele kwenda na mwingine kurudi. Kanga hawakukunja. Vioo vimefunguliwa vyote vinne, mimi jasho limefika kwenye soksi, mama amelaza kichwa, amefumba macho.

"Upepo unafika, mama?"

"Unafika, baba. Ongeza kidogo."

"Ziko tatu, mama. Ndiyo mwisho."

Akafikiri.

"Basi punguza mwendo."