Pasi ya kumhadaa beki inataka watu wawili

Nacheza kiungo katika timu ya wanawake ya mtaani kwetu hapa Göteborg, Uswidi, na nikiwalinganisha wenzangu wa hapa na wasichana niliocheza nao Temeke, Dar es Salaam, kwa ujanja hawatushindi. Wanachotuzidi ni muda wa kukaa pamoja.

Chukua ile pasi ya kutazama huku mpira ukienda kule. Macho, kidevu na bega vinaelekea kwa winga wa kulia, beki anaanza kusogea huko, halafu unausukuma mpira kushoto kwa ndani ya mguu, kupitia pale pale alipopaacha wazi. Siri yake inaanza kabla mpira haujakufikia: unageuza shingo, unaona mwenzako yuko wapi, ndipo unapokea. Kocha wetu husimama nyuma yangu akanyoosha vidole, nami lazima nitaje ni vingapi kabla sijaugusa mpira. Ukishazoea vidole, anamweka mtu anayekimbia.

Hapo bado ni nusu ya kazi. Mwenzako asipokujua, atahadaika pamoja na beki na mpira utatoka nje. Winga wangu wa kushoto tumezoeana kiasi kwamba akiona nimeinua kidevu upande wa pili, yeye tayari anakimbia.

Nyumbani tunaumia hapo, na inaniuma kweli. Chandimu ya uchochoroni inafundisha hila kuliko koni zote za mazoezi za Ulaya. Ukicheza na kaka zako kwenye vumbi bila kuhadaa, mpira huugusi. Lakini ikifika saa kumi na moja jioni, wavulana wanaingia uwanjani, msichana anaitwa kuteka maji, kupika, kumbeba mdogo wake. Wiki hii kaja, wiki ijayo hayupo. Atazoeana na nani?

Vipaji tunavyo. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaja kuichezea BK Häcken ya hapa hapa Göteborg mwaka 2022, kisha 2024 akaenda Brighton, Uingereza. Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, nao walicheza WAFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake, kule Moroko mwaka 2025, mara ya kwanza tangu 2010. Kwa hiyo wanaosema wasichana wapelekwe Ulaya wakafundishwe chenga, mimi siwaungi mkono. Uwanja wa kata utengewe wasichana jioni mbili kwa wiki, timu isivunjwe kila msimu, na kaka zao nao washike ndoo za maji.