Meza ya viongozi na jukwaa la mhadhara: wapi tunajifunza dini ya jirani?

Uchaguzi ukikaribia, au pakitokea jambo la kuitikisa nchi, Watanzania tumezoea kuwaona maaskofu na masheikh wameketi meza moja, bango la amani nyuma yao, vipaza sauti vimejaa mbele. Tamko linasomwa, sala na dua zinafuatana, watu wanatawanyika. Kwingineko mjini, kwenye kiwanja cha wazi, mhubiri wa Kiislamu kashika Biblia ya Union na anamtaka mwinjilisti aliye mbele yake afungue Kumbukumbu la Torati 18:18, aeleze nabii anayetajwa pale ni nani. Umati unapiga takbiri. Lile la kwanza tunaliita mazungumzo ya kidini na kulisifu. La pili tunaliita chokochoko.

Sababu za kuliita hivyo zipo. Mihadhara ya mlingano wa dini ilishamiri nchini kuanzia miaka ya 1980, mtindo wa Ahmed Deedat, mhubiri wa Kiislamu wa Durban, Afrika Kusini, ulipoenea kwa ziara zake na kanda zake za video. Waislamu walijenga kwa Biblia hoja kwamba Mtume Muhammad alitabiriwa: Kumbukumbu la Torati, na Msaidizi aliyeahidiwa katika Yohana 14:16. Wakristo nao wakajifunza kujibu kwa Qur'ani: aya ya 45 ya Al-Imran, Isa anapotajwa kuwa neno kutoka kwa Mungu, na aya ya 94 ya Yunus, mwenye shaka anapoelekezwa kwa waliosoma Kitabu kabla yake. Kila mmoja alikisoma kitabu cha mwenzake kama wakili anayepekua kiapo cha upande wa pili akitafuta tundu. Aya ilikatwa shingo, muktadha ukaachwa nyumbani, Utatu ukageuzwa miungu watatu, jihadi ikageuzwa leseni ya kuua. Pale hoja ilipoisha, kejeli ilikuwa karibu.

Na kejeli ilileta damu. Februari 1998, malalamiko kwamba msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, ulikuwa ukitoa kashfa dhidi ya Ukristo yaliwaleta polisi, na watu wakauawa kwa risasi. Waislamu wengi mpaka leo wanalikumbuka tukio lile kama dhuluma ya dola kuliko kama ugomvi wa dini, na kwa maoni yangu wana hoja: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129, inamtia hatiani anayetamka neno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mwingine, lakini kusema kwamba Yesu si Mungu ni imani ya Mwislamu, kama vile kusema kwamba yeye ni Mungu ni imani ya Mkristo. Sheria ikiitafsiri imani yenyewe kuwa kashfa, hakuna tena cha kuzungumza.

Hata hivyo tujiulize aliyesimama juani saa tatu alirudi na nini nyumbani. Mkristo alirudi akijua kwamba Qur'ani ina sura nzima yenye jina la Maryamu, na kwamba Mwislamu anaukana msalaba kwa kuifuata aya ya 157 ya An-Nisaa, wala si kwa ukaidi. Mwislamu alirudi akijua kwamba Injili ziko nne na kwamba nyaraka za Paulo ni kitu kingine. Ni elimu ya vipande, na imechanganywa na sumu. Lakini nani mwingine aliwapa? Padri hakuwafundisha Uislamu kanisani, ustadhi hakuwafundisha Ukristo madrasa, na kama walifundishwa, ilikuwa kwa onyo.

Historia ya lugha yetu wenyewe inawatetea wabishi kuliko tunavyopenda kukiri. Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kukitia Kiswahili kitabu cha Mwanzo, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Mohiddin. Yaani sura za kwanza za Biblia kwa Kiswahili zilipitia mikononi mwa hakimu wa Kiislamu. Miaka karibu 80 baadaye ikawa kinyume chake: tafsiri kamili ya kwanza ya Qur'ani kwa Kiswahili iliyochapishwa, ya mwaka 1923, ni ya Godfrey Dale, kasisi wa Kianglikana wa UMCA, misheni ya Waingereza. Dale hakuifanya kwa mapenzi ya Uislamu. Alitaka walimu wa Kikristo wakijue kitabu ambacho walikuwa wakibishana na wasomaji wake.

Masheikh wa pwani hawakufurahi, na hapo ndipo penye funzo. Mwaka 1953 Waahmadiyya, wafuasi wa jumuiya iliyoanzia India ambayo Waislamu wengi hawaikubali, walitoa tafsiri yao, iliyojaa maelezo ya kuwajibu wamisionari. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar aliona Waahmadiyya nao wamepotosha, na Qurani Takatifu yake ikatoka mwaka 1969 na kuingia katika nyumba za Waislamu wa Afrika Mashariki yote. Ukifuata mnyororo huo, utakuta Mswahili wa leo asiyejua Kiarabu anaisoma Qur'ani kwa lugha yake kwa sehemu kubwa kwa sababu watu watatu wenye elimu walikataa kukubaliana. Walibishana kwa maandishi, kwa miaka, wakiwa na kamusi mezani. Hakukuwa na umati wa kuwashangilia. Mhadhara wa kiwanjani ni mjukuu wa ubishi huo, aliyerithi sauti na kuacha maktaba.

Sasa meza ya viongozi. Naiheshimu kwa jambo moja mahususi. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, walitoa kwa pamoja ripoti juu ya namna nchi ilivyokuwa ikikosa mapato ya dhahabu yake, na mwaka 2012 nyingine juu ya kodi inayopotea. Ilikuwa kazi ya hesabu na mikataba, na ilisaidia kuuweka mjadala wa madini mbele ya umma. Hakuna mhadhara uliowahi kufanya hivyo. Watu wa imani mbili wakisimama pamoja juu ya jambo linalowaumiza wote, wanajenga uaminifu ambao hauletwi na aya.

Ila ona kilichowezesha: dini yenyewe iliwekwa kando. Ndivyo meza hii inavyofanya kazi karibu kila mara. Kauli yake kuu ni kwamba dini zote zinahubiri amani, kauli ambayo haimfundishi mtu chochote kuhusu dini yoyote. Kuna na swali la nani kaketi. BAKWATA iliundwa mwaka 1968, mwaka ule ule serikali ilipoipiga marufuku jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, na wako Waislamu ambao hawajawahi kuiona kuwa sauti yao. Upande wa pili, makanisa ya kiroho yanayoota kila mtaa hayapokei maelekezo ya askofu yeyote aliyeko mezani. Wanaokutana ni wale ambao hata wasingekutana, wasingepigana.

Oktoba 2012, Mbagala, Dar es Salaam, ilionyesha umbali kati ya meza na mtaa. Kama ilivyoripotiwa, watoto wawili walibishana kuhusu msahafu, mmoja akidai anayeudhalilisha atapatwa na jambo baya, mwenzake akaukojolea kujaribu. Siku chache baadaye makanisa yalikuwa yanaungua. Viongozi walikutana, wakalaani, wakatuliza, na walifanya vyema. Lakini ubishi wa wale watoto ulikuwa mazungumzo ya kidini yasiyo na mwalimu. Mmoja alikuwa na swali halisi na hakuwa na pa kulipeleka.

Wanaopinga watasema mada za imani zikiguswa lazima moto uwake, na Papa Benedikto wa 16 ni mfano wao. Mwaka 2006, pale Regensburg, alinukuu maneno makali ya mfalme wa kale wa Bizanti juu ya Mtume Muhammad, na maandamano yakazuka katika nchi kadhaa. Ni kweli. Lakini mwezi uliofuata wanazuoni 38 wa Kiislamu walimjibu kwa barua, hoja kwa hoja, na mwaka 2007 wengine wakaongezeka hadi 138 katika barua ya pili iliyojengwa juu ya kumpenda Mungu na kumpenda jirani. Novemba 2008 pande mbili zilikaa Vatican. Kilichoanza kama tusi kilizaa mazungumzo yenye nyama kwa sababu waliotukanwa walichagua kalamu.

Kwetu kalamu hiyo ingepaswa kuanzia shuleni, na huko ndiko tulikojitenga zaidi. Kipindi cha dini kikifika, Waislamu chumba hiki, Wakristo kile. Kenya wanafanya vivyo hivyo kwa masomo matatu: ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu. Afrika Kusini, kwa sera ya mwaka 2003, iliamua mtoto asome kuhusu dini zote za nchi katika shule ya umma, na malezi ya imani yabaki kwa familia na nyumba za ibada. Naipenda sera hiyo, lakini sidhani inahamishika ilivyo. Wazee wengi wa Kiislamu wanakumbuka shule za misheni ambako elimu ilikuja na shinikizo la kubatizwa. Kuwaambia leo kwamba mwalimu Mkristo atamfundisha mtoto wao Uislamu ni kutonesha kidonda.

Njia fupi zaidi ni kuanza na walimu wenyewe. Vyuo vya teolojia vinafundisha Uislamu, na PROCMURA, taasisi ya Kikristo ya uhusiano na Waislamu yenye makao Nairobi, imekuwa ikiyaandaa makanisa ya Afrika kuuelewa Uislamu tangu mwaka 1959. Lakini hapo ni Wakristo wakifundishana kuhusu Waislamu. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro hakiko mbali na seminari za mkoa ule. Sheikh akifundisha muhula mmoja kule, padri muhula mmoja huku, na wanafunzi wakaruhusiwa kuuliza kuhusu msalaba na kuhusu unabii bila kutakiwa kuomba radhi, gharama haizidi nauli na posho ya kikao kimoja cha tamko.