Ringi ya kisasa, spoku za kawaida: gurudumu la kuunda wenyewe Mwanza

Kila tukikutana sisi tunaopanda baiskeli za milimani hapa Mwanza, mabishano ni yale yale. Ukitaka kuundiwa magurudumu, uagize vipuri vya kisasa kutoka nje, au uchukue vile ambavyo fundi wa Mabatini anavifahamu na kuvipata dukani? Wapo wanaoliita hili la pili ushamba, na wapo wanaosema la kwanza ni kutupa pesa ziwani. Nimeyatumia magurudumu ya aina zote mbili, na kwa maoni yangu pande zote zina haki, ila kila upande kwenye vipuri vyake.

Chukua ringi. Ukipanda vilima vya nyuma ya Nyegezi, au ukifuata ufukwe kuelekea Igombe na Kayenze, unapita juu ya majabali, kwenye changarawe kali inayomong'onyoka kutoka majabali hayo, na kwenye miiba. Hapa watu wa kisasa wananishawishi kabisa. Ringi pana, yenye milimita 25 hadi 30 kwa ndani, hushika vizuri tairi nene, na ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya tairi lisilo na tyubu, unamimina ndani ute wa mpira unaoziba matundu, na mwiba mdogo haukushushi tena njiani. Tena unaweza kupunguza upepo tairi likabonyea juu ya jiwe badala ya kurukaruka. Wanaopinga wanasema ute huo hukauka baada ya miezi michache na haupatikani kila duka. Ni kweli, lakini siku ukikosa unarudisha tyubu ndani ya ringi ile ile na safari inaendelea.

Kuhusu ukubwa, jihadhari na namba. Wengi hudhani ringi ya inchi 29 ni kubwa kuliko ya 28 ya baiskeli za Phoenix. Pale tairi linapokaa, ile ya Phoenix ina kipenyo cha milimita 635, na ya 29 ina milimita 622. Inchi 29 ni ukubwa wa jumla pamoja na unene wa tairi. Nimemwona kijana sokoni akilazimisha tairi la 29 kwenye ringi ya 28, na muuzaji anamsaidia kuvuta. Ya inchi 26, yenye milimita 559, bado ndiyo rahisi kuipatia tairi mjini. Ya 29 hupita juu ya mawe kwa ulaini zaidi. Mimi nilichagua 29 na sijajuta.

Kwenye spoku ndiko ninakotaka tukae kidogo, maana ndiko nilikoumia. Gurudumu langu la nyuma la kwanza nililinunua likiwa tayari limeundwa, la kupendeza, lenye spoku 24 zilizonyooka zisizo na shingo, yaani ule mkunjo wa mwishoni unaoingia kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Ndani ya miezi miwili zilikatika tatu, zote upande wa kushoto. Fundi wangu, mzee anayefanya kazi chini ya mwembe, aliipindua baiskeli, akazishika spoku mbilimbili na kuziminya, kisha akazigonga kwa ukucha akisikiliza. Za kulia zililia kwa sauti ya juu. Za kushoto zilitoa mlio mzito, uliokufa. "Ngosha, hili litakurudisha kwangu kila wiki," akasema, "na spoku zake sina."

Sauti ile ilikuwa na maana. Spoku iliyokazwa vizuri hubeba mvuto wa takriban kilo 100 hadi 120. Gurudumu likizunguka, kila inapofika chini hulegea kidogo, kisha hukaza tena, na kwa gurudumu la 29 hilo hutokea zaidi ya mara 400 kwa kila kilomita. Ikiwa tangu mwanzo ni legevu, inapofika chini hulegea kabisa, inachezacheza mwishoni inaposhikwa na habu, na chuma huchoka. Nyuma kushoto huwa legevu zaidi kwa sababu gia zimechukua nafasi upande wa kulia, kwa hiyo ili ringi ikae katikati lazima kulia kukazwe kuliko kushoto. Ukipunguza idadi ya spoku, kila moja inabeba zaidi.

Ndiyo maana hapa nasimama na mafundi wetu: matundu 32, spoku za kawaida zenye shingo, kila moja ipishane na nyingine tatu kabla ya kufika kwenye ringi. Ukibeba mzigo, chukua 36. Phoenix nyingi za kubebea magunia zina 40 nyuma, na hazikuwekewa kwa urembo. Wenye breki za diski wasahau kabisa kusuka spoku zinazokwenda moja kwa moja kutoka habu hadi ringi, kwa kuwa nguvu ya breki hupitia kwenye spoku hizo hizo.

Ila wa kisasa wana hoja moja ambayo mafundi huipuuza. Spoku iliyopunguzwa unene katikati, milimita 2.0 kwenye ncha na 1.8 katikati, hudumu kuliko iliyo nene kote, kwa kuwa hunyumbuka kabla ya kulegea. Haipatikani hapa, lakini ikikatika unaweka ya kawaida ya urefu ule ule. Kinachokuumbua ni urefu, maana ringi ya 26 huhitaji spoku za takriban milimita 260, ya 29 takriban 290, na tofauti ya milimita tatu tu inaharibu kazi.

Habu ni ngumu zaidi kuamua. Ya gololi husafishwa na fundi yeyote kwa mafuta ya taa na grisi, na gololi zake zimejaa mjini. Lakini koni, kile kipande ambacho gololi huzungukia, ikishaliwa na mchanga, kupata inayolingana ni kazi ya wiki nzima. Ya beringi zilizofungwa tayari, unagonga ya zamani itoke na kuingiza mpya, iwapo namba yake ipo kwenye duka la vipuri vya pikipiki. Soma namba kabla hujanunua. Vinati vya spoku viwe vya shaba ya njano. Ziwa letu halina chumvi ya kula aluminiamu kama baharini, ila vya aluminiamu huviringika pembe chini ya spana.

Nilipompelekea yule mzee ringi mpya, habu na spoku 32, alizihesabu zote, akauliza za akiba ziko wapi. Sikuwa nazo. Alikataa kuanza. Nikaagiza kumi zaidi, tano za kulia na tano za kushoto kwa kuwa urefu wake haulingani, na leo zimefungwa kwa kipande cha tyubu chini ya fremu yangu.