Sifuri ni mkubwa kwa "zero"

Mtoto wa shule ya serikali hapa Dar es Salaam anasoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, halafu kidato cha kwanza anabadilishiwa lugha. Anapewa orodha ndefu ya maneno ya Kiingereza ayakariri. Naona tunamwonea, maana hakuna anayemwambia kwamba baadhi ya maneno hayo amekua nayo nyumbani kwao.

Chukua "zero". Waarabu walipopokea tarakimu kutoka India, alama ya pasipo kitu waliiita sifr, yaani tupu. Leonardo wa Pisa, maarufu kama Fibonacci, alijifunza tarakimu hizo ujanani katika mji wa Bugia, Algeria ya leo. Katika kitabu chake cha hesabu cha mwaka 1202 akaliandika neno hilo kwa Kilatini: zephirum. Vinywani mwa Waitaliano likasagika mpaka likawa zero, Wafaransa wakalichukua, kisha Waingereza. Sisi watu wa pwani hatukuzunguka kote huko. Tulilichukua kwenye Kiarabu, tukalitia irabu zetu, likawa sifuri. Anayesema sifuri yuko karibu zaidi na chimbuko kuliko anayesema "zero", na hilo mwanafunzi ana haki ya kulijua.

"Monsoon" ndilo linalonigusa zaidi. Mawsim kwa Kiarabu ni wakati maalumu wa mwaka, na mabaharia wa Bahari ya Hindi walifunga safari zao kwa kufuata pepo za wakati huo. Wareno walilisikia neno hilo katika bahari hii hii, wakalitamka monção, na kwao Waingereza wakalipata. Nenda soko la samaki la Feri alfajiri, uliza kwa nini nguru ameadimika, utajibiwa: "Msimu wa kusi huu, bahari imechafuka." Msimu ni mawsim ile ile. Lakini darasani "monsoon" inafundishwa kama jambo la Bara Hindi, na mwanafunzi hajui kwamba ni upepo unaopeperusha kanga za mama yake zilizoanikwa uani.

Yako mengine. "Admiral" limetokana na amir, ambaye kwetu ni amiri, kama katika Amiri Jeshi Mkuu. "Magazine" lilianzia makhazin, maghala, na shina hilo ndilo lililotupa hazina. "Tariff" na taarifa nayo ni ya tumbo moja, kutoka shina lenye maana ya kujulisha. Na "safari", kama wengi wajuavyo, Waingereza walilichukua kwetu katika karne ya 19.

Walimu wataniambia mtaala umejaa. Ni kweli, umejaa. Ila sidai somo jipya. Naomba dakika tano za mwanzo wa kipindi, neno moja tu, na kamusi za Kiingereza zinazoeleza asili ya maneno zinapatikana bure mtandaoni.