Kijana, kioo, na aliyeketi kando yake

Mpwa wangu ana miaka 12. Jioni moja alikuja akaketi karibu nami, akaninyooshea simu na kuniuliza, "Mjomba, huyu alikufa?" Kwenye kioo palikuwa na mtu amelala chini, watu wamemzunguka, wanampiga kwa zamu. Video ilikuwa ya sekunde kama 40, haina jina, haina maelezo, na ilikatika kabla ya mwisho. Ilikuwa imerushwa asubuhi ile kwenye kundi la wanafunzi wenzake. Alikuwa ameshaitazama mara tano. Nilipomuuliza kwa nini mara zote hizo, akasema alikuwa anaangalia kama yule mtu bado anasogeza mkono.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma mabishano marefu kuhusu filamu, magemu na video za kikatili na athari zake kwa vijana, na kila ninaposoma narudi kwenye ule mkono. Mabishano hayo yamejengwa juu ya swali moja: je, kijana anayetazama ukatili atakuwa mkatili? Wenye hofu wanasema ndiyo, kinachoingia machoni ndicho kitakachotoka mikononi. Wanaopinga wanasema mamilioni wanatazama na hawajawahi kumnyanyulia mtu mkono. Pande zote mbili zina hoja nzito, na ni haki zisikilizwe kabla ya kusema kuwa swali lenyewe lina walakini.

Wenye hofu huanzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1961. Mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake waliwachukua watoto 72 wa shule ya awali. Mtoto aliketishwa kwenye kona moja ya chumba, akapewa vitu vya kuchezea. Kwenye kona ya pili alikuwapo mtu mzima na mwanasesere mkubwa wa plastiki aliyejazwa upepo, wa aina ile ambayo ukiisukuma huanguka na kuinuka tena. Kwa baadhi ya watoto, baada ya dakika moja hivi, mtu mzima alianza kumshambulia mwanasesere: akamkalia, akampiga ngumi za pua, akamgonga kichwani kwa nyundo ya mbao, akamrusha juu, akampiga mateke. Kisha mtoto alipelekwa kwenye chumba chenye vitu vizuri zaidi vya kuchezea, na alipoanza tu kuchangamka akaambiwa hivyo ni vya watoto wengine. Akiwa amekereka namna hiyo ndipo alipoingizwa kwenye chumba ambamo kulikuwa na mwanasesere na nyundo. Walioona kipigo walipiga zaidi kuliko wenzao, na wengi walirudia vitendo vilevile, hata maneno yaleyale. Mwaka 1963 jaribio lilirudiwa kwa filamu badala ya mtu aliye chumbani, na watoto wakaiga vilevile.

Jibu la wakosoaji halipuuziki. Mwanasesere yule ametengenezwa ili apigwe. Hana kazi nyingine. Mtoto akiingizwa kwenye chumba kigeni na kukuta kitu alichoona mtu mzima akikipiga, huenda anadhani huo ndio mchezo wanaomtaka aucheze. Kupiga plastiki yenye upepo ni mbali sana na kumpiga mwenzako hadi atoke damu.

Lakini lipo jaribio jingine la Bandura, la mwaka 1965, ambalo halisimuliwi sana, na kwangu lina uzito kuliko yale mawili. Watoto walionyeshwa filamu ya mtu akimpiga mwanasesere, na baadhi yao wakaona mpigaji akiadhibiwa mwishoni. Hao waliiga kidogo kuliko wenzao. Ukiishia hapo utasema adhabu imelifuta somo. Kisha watoto wote wakaahidiwa zawadi, juisi na picha za kubandika, kama wangeonyesha walichokiona. Tofauti ikayeyuka. Wote walikuwa wamejifunza; wengine walikuwa wameweka akiba tu. Maana yake ni kwamba aliyesema "mtoto wangu anatazama na hajawahi kupiga mtu" amesema kweli, ila hajathibitisha kwamba hakuna kilichoingia. Na aliyesema "akijifunza atafanya" naye amekosea, kwa sababu kati ya kujua na kutenda kuna mlango, na mlango huo hufunguliwa au kufungwa na mambo yaliyo nje ya filamu.

Mambo hayo ni yapi? Hapa sina budi kusimulia habari za sehemu mbili.

Ya kwanza ni mji mdogo wa Kanada uliokuwa bondeni, mawimbi ya televisheni hayakuufikia. Watafiti waliouficha jina waliuita Notel. Televisheni ilipoingia mwaka 1973, timu iliyoongozwa na Tannis MacBeth Williams ilikuwa imekwisha kuwatazama watoto wakicheza uwanjani kabla ya hapo, na ikarudi miaka miwili baadaye. Watoto wa Notel walikuwa wakisukumana, wakipigana na kutukanana zaidi kuliko awali, wavulana kwa wasichana, hata wale waliokuwa wapole. Wenye hofu huutaja mji huu kwa haki kabisa. Kinachotajwa mara chache ni kwamba watafiti haohao waliona pia watu wazima wa mji wakipungua kwenye shughuli za pamoja. Kwa hiyo televisheni ilileta picha, na papo hapo ikawaondoa watu waliokuwa karibu na watoto.

Ya pili ni Saint Helena, kisiwa kilicho peke yake katikati ya Atlantiki ya Kusini, chenye wakazi elfu chache. Huko televisheni ya setilaiti iliingia mwaka 1995. Tony Charlton na wenzake waliweka kamera kwenye viwanja vya shule kabla na baada, wakisubiri kuona yale ya Notel. Hawakuyaona. Tabia za watoto hazikuharibika. Maelezo waliyoyatoa yalihusu kisiwa chenyewe: kila mtu anamjua mtoto wa kila mtu, na mtoto akivuka mpaka hapotei machoni mwa wakubwa. Filamu zilikuwamo, ngumi na risasi zilikuwamo, lakini mlango ule ulikuwa na mlinzi.

Najua hatuwezi kuzilinganisha sehemu hizi mbili kana kwamba ni mapacha. Miaka zaidi ya 20 imepita kati yake, na vipindi havikuwa vilevile. Hata hivyo, ukiziweka pamoja na lile jaribio la 1965, zinaelekea upande mmoja: anayefunga au kufungua mlango ule ni watu walio karibu na mtoto.

Kuhusu magemu nitakuwa mfupi, maana hapa ushahidi wa utetezi ni imara kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mwaka 2019 Andrew Przybylski na Netta Weinstein walichapisha utafiti wa vijana zaidi ya 1,000 wa Uingereza, wa miaka 14 na 15. Waliandikisha mapema jinsi watakavyochambua, wakapima ukatili wa gemu kwa viwango rasmi, na habari za tabia ya kijana wakaziuliza kwa mzazi. Hawakuona uhusiano. Japani na Korea Kusini watu wanacheza mno, na ukatili wa mitaani ni mdogo. Marekani ukatili wa vijana ulishuka sana kuanzia katikati ya miaka ya 1990, wakati uleule magemu yakisambaa. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilisema mwaka 2020 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuyafanya magemu kuwa chanzo cha vitendo vya ukatili. Papo hapo kilisema upo uhusiano mdogo lakini wa kutegemeka na uchokozi wa kawaida, kama kufokeana na kusukumana.

Huo "mdogo" kila upande huuvuta kwake. Mmoja hukuza neno "uhusiano", mwingine hukuza neno "mdogo". Mimi naona wote wanasahau kwamba jambo dogo likigusa vijana wengi haliwi dogo kwa wale wachache ambao tayari wana mzigo: kijana anayepigwa nyumbani, anayeonewa shuleni, asiye na wa kumwambia. Lakini kwa kijana huyo gemu ni la mwisho kwenye orodha ya mambo yanayomdhuru, na nimewaona watu wazima wakilishika hilo la mwisho kwa sababu ndilo rahisi kulinyang'anya.

Hofu nayo ina historia, na haipendezi. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham aliwashawishi Wamarekani kwamba vitabu vya katuni vinawaharibu watoto. Seneti ikakaa kusikiliza, na wachapishaji wakajiwekea kanuni kali. Mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley, aliyepitia nyaraka zake, alionyesha kwamba Wertham alikuwa amebadilisha na kukatakata maelezo ya watoto ili yaseme alichotaka. Hilo linaniuma, kwa sababu watoto wale walizungumza naye kwa imani, na shida zao halisi za nyumbani na mitaani ziliondolewa ili lawama ibaki kwenye katuni.

Kila kitu nilichokitaja hadi sasa ni ukatili wa kubuni. Kilichokuwa kwenye simu ya mpwa wangu hakikubuniwa, na mabishano yetu ya miaka 60 hayakutuandaa kwa hilo. Tarehe 15 Machi 2019 mtu mmoja aliua waumini 51 katika misikiti ya Christchurch, New Zealand, akirusha mauaji hayo moja kwa moja mtandaoni kwa dakika 17. Facebook ilisema katika saa 24 za kwanza iliondoa nakala milioni 1.5. Watu walioitazama ikirushwa hawakufika 200. Zilizobaki zote zilipakiwa upya na watu waliotaka wengine nao waone.

Madhara ya kuona mambo kama hayo si lazima yawe ngumi. Baada ya mabomu ya mbio za Boston mwaka 2013, watafiti walikuta kwamba watu wazima waliofuatilia habari na picha zake saa sita au zaidi kwa siku katika wiki iliyofuata waliripoti msongo mkali kuliko waliokuwa kwenye tukio lenyewe au karibu yake. Mtafiti wa mawasiliano George Gerbner alisema zamani kwamba anayetazama ukatili mwingi huanza kuamini dunia ni mbaya kuliko ilivyo. Kijana wa aina hiyo hatampiga mtu. Atalala vibaya, atawaogopa watu, na hakuna takwimu ya polisi itakayomhesabu.

Je, tuseme basi video za ukatili halisi zifungwe zote? Nilikuwa naelekea huko, hadi nilipomkumbuka Darnella Frazier. Mwaka 2020, akiwa na miaka 17, alisimama barabarani Minneapolis na kurekodi polisi akimkandamiza George Floyd kwa goti hadi akafa. Bila simu ya msichana yule, taarifa ya kwanza ya polisi, iliyozungumzia tatizo la kiafya, ndiyo ingebaki. Vijana duniani kote waliitazama video ile, na wengi wakaingia barabarani kudai haki. Siwezi kusema ingekuwa heri wasiione. Ninachoweza kusema ni kwamba ilikuja na jina la mtu, ikaja na familia yake, ikaja na watu wazima wanaoizungumza kwa sauti. Ya mpwa wangu ilikuja tupu.

Ndiyo maana kumnyang'anya simu hakukunijia kichwani kama jibu, ingawa nilitamani. Nilimwambia ukweli: sijui kama alikufa. Tuliketi. Alinyamaza kitambo, akazima kioo, akakiwasha tena. Kisha akaniuliza kama mama yake yule mtu anajua kwamba video ile ipo.