Ile Video Imekatwa Kabla ya "ya Chuma"

Kwa wote mlioiona ile video ya sekunde 11 ya msichana anayelamba jiwe: ndiyo, ni mimi. Ulimi ni wangu, jiwe ni langu, na yule mzee mwenye jembe begani ni babu mzaa baba. Na ndiyo, ametamka "mavi". Ila sentensi yake haikuishia pale, na aliyeikata anajijua. Nilimlisha tambi wiki nzima bumu lake la mkopo wa chuo lilipochelewa. Haya ndiyo malipo yangu.

Basi kaeni niwaeleze, maana kundi la darasa limeshabadilishwa picha na sitaki kusema imewekwa picha gani.

Mimi ni mtu wa Mbozi, mkoani Songwe. Ukitoka Mbozi halafu ukasoma jiolojia, hakuna atakayekuuliza kahawa imekujaje mwaka huu. Ni Kimondo tu, lile pande la chuma lililodondoka kutoka angani. Tangu mwaka wa kwanza nimekuwa msemaji wake, utadhani nilikuwepo kikidondoka. Tani 16, nawaambia. Urefu mita tatu na ushee. Chuma karibu asilimia 90, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Mzungu mpimaji ardhi anaandikwa kuwa alikigundua mwaka 1930, na hapo lazima ninyanyue kidole: wazee wetu walikuwa wanakijua siku zote, ila hawakuwa na mahali pa kutangaza. Shimo kililolichimba hata halionekani tena, kilianguka zamani mno. Nikimaliza, watu hunipigia makofi. Sikuwahi kuwaambia kwamba nilikuwa nimefika pale mara moja tu, darasa la tano, na ninachokumbuka ni kupotelewa na kiatu.

Sasa Desemba iliyopita, likizo, bibi akanituma mayai. Mlango wa banda la kuku ulikuwa umeegemezwa jiwe. Jeusi, zito, ukubwa wa boga dogo, limelainika upande mmoja kama lililoyeyuka likaganda. Nikasimama. Nikaenda ndani kimyakimya, nikabandua sumaku kwenye spika ya redio mbovu ya babu, nikarudi. Kwap! Ikanasa.

Jamani, nilikaa chini palepale kwenye kinyesi cha kuku.

Lile jiwe lilikuwa na vitundu. Naomba nikiri hilo mapema. Vitundu vingi, kama andazi lililoumuka vizuri. Na kimondo cha chuma hakina vitundu vya namna ile. Tulifundishwa, nikaandika, nikapigia mstari kwa wino mwekundu. Lakini usiku ule nilijiambia ni gesi za huko juu zilikuwa zinatoka. Gesi gani, zinatokea wapi, sikujiuliza. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nguo ya kuvaa nikihojiwa na televisheni.

Nikalifunga kwa kanga, nikaweka tofali la tope badala yake, nikasafiri nalo kwenye basi nimelipakata kama mtoto. Miezi sita lilikaa chini ya kitanda changu. Sikulipeleka maabara hata siku moja, eti wangeniibia ugunduzi. Nikawa naandika kwenye kundi mambo kama "kuna watu tutawakumbuka" halafu nanyamaza.

Juni tukaenda fildi, Kimondo chenyewe. Wenzangu wanapiga picha, mimi nazunguka nikiwaonyesha mahali kilipokatwa kwa msumeno, kama dalali anayeonyesha nyumba. Nikamwomba Dokta, mhadhiri wetu, tupitie nyumbani, bibi amepika. Mpango wangu ulikuwa hivi: asubuhi wamwone baba, mchana niwatolee mtoto.

Tumekula. Wali na kuku, kumbukeni kuku. Nikasimama katikati ya uwanja. Watu 22 wa darasa langu, Dokta kwenye kiti cha babu, watoto wa jirani wamejaa uzioni. Nikafungua kanga taratibu, fundo moja, fundo la pili. Nikaliweka juu ya kigoda. Watu wakasema "aaah". Ile "aaah" bado naisikia nikilala.

Nikapitisha sumaku: kwap. "Aaah" nyingine. Dokta akainuka kidogo, akakunja uso, akaketi. Nilidhani ni wivu.

Hapo ningeacha, leo ningekuwa binadamu wa kawaida. Lakini mwaka wa kwanza Dokta alilamba jiwe mbele yetu. Wasiosoma mambo haya msishangae, watu wa miamba tunalamba: jiwe likilowa rangi na chembe zake zinaonekana vizuri kwenye lenzi, na wengine hutafuna kabisa kupima kama ni udongo wa mfinyanzi au kuna mchanga mchanga. Kugusisha tu ncha ya ulimi kunatosha. Mimi nikasema, kwa sauti ya taarifa ya habari, "Sasa tutaangalia uso wake ukiwa umelowa."

Nikalinyanyua kwa mikono miwili. Nikafumba macho. Kwa nini nilifumba macho? Hata sijui. Nikatoa ulimi wote, ndugu zangu, wote ulioko, nikaanzia chini nikapanda hadi juu, polepole, kama mtoto na koni. Nikapata ladha ya kutu. Nikapata chumvi. Nikapata na ladha ya tatu ambayo sikuitambua, nikaamini ndiyo anga yenyewe.

Nikasikia sauti ya babu nyuma yangu, anatoka shamba.

"Huyu mke wangu huko chuoni hawampi chakula?"

Watu kimya. Nikafumbua jicho moja. Ulimi bado uko nje.

"Mbona analamba mavi?"

Halafu, Mungu ni shahidi, babu akatoa kopo la ugoro. Akagonga kifuniko. Akachota. Akavuta pua ya kulia. Akavuta ya kushoto. Akapiga chafya mbili. Mimi nimeganda na jiwe usoni, kuku mmoja anapita katikati ya uwanja kwa mwendo wa bibi harusi, watu 22 hawapumui, na rafiki yangu yuko mbele kabisa na simu yake imenyooka. Akaanza kucheka. Akazima simu.

Ndipo babu akamalizia: "Ya chuma."

Mavi YA CHUMA. Mnasikia? Ndiyo jina lake, wahunzi wote wanalijua. Babu akaeleza mwenyewe: wazee wa Kinyiha walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma kwenye matanuri ya udongo, kwa mkaa, wapate chuma cha majembe, na ile taka inayotiririka ikaganda ndiyo hiyo. Majembe ya dukani yalipokuja, kazi ikafa. Sumaku inanasa kwa sababu kuna vichembe vya chuma vilivyobaki ndani. Shambani kwake yamejaa, anajikwaa nayo kila msimu. Dokta akamwamkia upya, akatoa daftari, na darasa zima likahamia kwenye migomba kuokota mavi mpaka jua linazama. Kimondo cha tani 16 kikasahaulika.

Nami nikapata nguvu kidogo, nikasema kwa sauti watu wasikie: "Basi si mavi yale mnayofikiria, ni ya chuma."

Bibi alikuwa anaosha sufuria. Hata hakugeuka. "Ya chuma na ya kuku, mke mwenzangu. Limekaa bandani mwangu miaka minane."

Hilo halimo kwenye video. Nimelisema mwenyewe kwa hiari yangu, kwa hiyo nihesabieni.

Mengine hayana maana. Nilisukutua kwa chumvi, nikapanda basi wa kwanza, nikakaa dirishani. Jiwe limechukuliwa, liko kwenye kabati la sampuli na kilebo chenye mwandiko ninaoujua vizuri: "Mavi ya chuma, Mbozi. Ladha: muulizeni mwenyewe." Dokta amekiona. Hajakibandua.

Na jana usiku bibi amepiga simu. Nikadhani ananipa pole. Anasema lile tofali langu la tope lilishayeyuka na mvua, mlango hausimami, mitetea miwili haijulikani iliko. Anataka jiwe lake kabla ya Jumamosi, na nauli ya kulileta ni juu yangu.